Mwaka Tuliouliza Tumesimama

Kabula alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachemsha chai ya maziwa. Akanisalimia vizuri kabisa: akauliza watoto, akauliza kazi, akauliza kama mvua imefika Bariadi mjini. Nikajua. Mtu wa kijiji cha Nkoma akikusalimia kwa utulivu wa namna ile, bila kuruka hata swali moja, hajapiga simu kwa ajili ya mvua. Nilimjibu kila swali kwa zamu yake, watoto wazima, kazi inaenda, mvua bado, huku maziwa yakifura na kumwagikia jiko, na sikuthubutu kumwambia aseme haraka. Nilishafundishwa. Alipomaliza akauliza, "Umekaa, wifi?" Nikavuta kiti. "Nimekaa." Ndipo akasema, "Mayu ametuacha. Amelala tu, hakusumbuka. Tunazika kesho."

Mayu Limi hakuwa mama yangu wa kunizaa. "Mayu" ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliitwa hivyo na kijiji kizima. Nilikaa kwake msimu mmoja tu wa pamba, mwaka wa pili wa korona, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi na nikiamini kwamba kuuliza maswali ni kazi ninayoijua. Sijawa mzee hata sasa, ingawa binti yangu anabisha, lakini ujana wangu niliuacha pale Nkoma, kwenye chumba kimoja cha pembeni. Upande wa pili wa ukuta wa chumba kile Mayu alikuwa anaishiwa pumzi, na mimi, niliyeajiriwa kuwauliza watu habari za wagonjwa wao, nilikuwa na jibu lililoandikwa kwamba nyumba yake haina mgonjwa. Kama angetoka kwenye nyumba ile akiwa hai, au angetolewa amebebwa, hilo ndilo lililokuwa likinikaba kila nilipoamka.

Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Daktari Zuhura, mwenyeji wa Tanga, daktari wa vitabu na si wa sindano, mama mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Mwenzangu alikuwa Elikana, kijana wa Maswa, aliyekizungumza Kisukuma kwa raha kuliko mimi niliyekulia mjini na ambaye nikikosea maneno watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Utafiti wetu ulihusu namna watu wanavyopata matibabu na wanavyojisaidia katika kipindi kile cha korona: nani anakwenda zahanati, nani haendi, na asiyekwenda anafanya nini. Tuliingia Nkoma na sheria ambazo hata leo sioni ubaya wake. Barakoa usoni, nafasi kati yako na mtu, hakuna kuingia ndani, hakuna kukaa, hakuna kula cha mwenyeji. Sisi ndio tuliotoka mjini, na Daktari hakutaka tuwapelekee ugonjwa watu tuliokwenda kuwauliza habari zake.

Siku ya kwanza Mayu alitutolea vigoda viwili, kimoja kimechakaa na kung'aa kwa kukaliwa. Elikana akamweleza kwa heshima zote kwamba hatukai. Mayu alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia miguuni. Akatutazama hivyo. "Hapa kwetu anayesimama uwanjani ni polisi na mtu wa ushuru," akasema. "Nyie mmekuja kwa lipi?" Elikana akasema sisi ni watafiti. "Haya. Simameni basi." Tukasimama, tukauliza. Tulipofika kwenye swali la kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyepata shida ya kupumua katika siku za karibuni, akajibu, "Mhola duhu." Salama tu. Elikana akabonyeza "hapana" kwenye kishikwambi, kile ambacho kijijini walikiita simu kubwa, tukashukuru, tukaenda nyumba ya pili, nako salama tu, na ya tatu. Kijiji kizima kilikuwa kizima. Kitu pekee cha ajabu ni kwamba wazee wengi hawakuwepo. Tulipouliza walioishi kwenye kaya, tuliambiwa bibi amekwenda Mkula kwa binti yake, babu yuko Maswa kwa ndugu, shangazi amesafiri. Elikana alitania kwamba wazee wa Nkoma mwaka huu wanapenda kutembea. Tukacheka, na hakuna aliyejiuliza ni nani anayesafiri wakati wa palizi.

Chumba nilichopangishwa kwa Mayu kilikuwa na mlango wake wa nje, ndiyo maana Daktari alikiruhusu. Kitanda, neti, meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Kuta hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno ya nyumba nzima yalipita juu ya kichwa changu kama moshi. Elikana alilala kwa mwalimu mmoja ng'ambo ya shule. Mimi jioni nililetewa chakula mlangoni na Kabula, mke wa Masunga, mtoto mkubwa wa Mayu: ugali, mlenda na dagaa, siku nyingine michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, ambayo nilikula mpaka aibu. Nilikula peke yangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda, na Mayu akinichokoza kutoka upande wa pili. "Mwanangu, unakula kimya kama mtu aliyefiwa. Sema basi kama chumvi imezidi." Nikimjibu, naye ananijibu, na hivyo tukala pamoja kwa namna fulani, ukuta katikati. Mpaka leo nikila peke yangu huwa nategea masikio.

Kisha kikohozi kikaanza. Mwanzoni kilikuwa cha kawaida, cha mtu aliyemeza vumbi. Baadaye uchokozi ukapungua, maneno yakawa mafupi, na jioni moja hakunisemesha kabisa. Nilimsikia tu anavyovuta hewa, kama mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani, halafu anatulia, halafu anaanza tena. Asubuhi nikasimama nje ya dirisha lake, nikasalimia. "Mayu, mhola?" Akachukua muda. "Mhola duhu, mwanangu," akasema. Siku iyo hiyo jirani alikuja kumwulizia, nami nikamsikia Kabula uwanjani akijibu kwa sauti ya uchangamfu, "Mayu kaenda Ipililo kwa dada yake, atakaa huko kidogo." Nilibaki nimekaa kitandani, nimeshika kiatu kimoja. Ipililo hiyo ilikuwa inakohoa hapo nyuma ya mgongo wangu.

Sababu niliisikia mchana mmoja, Masunga akibishana na mkewe. Jirani yao, mzee Shija, alipelekwa mbali kutibiwa, akarudi amefungwa kwenye mfuko. "Wamemzika watu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni," Masunga alisema. "Watoto wake wamesimama kwenye mtama kama wapita njia. Hakukaliwa matanga. Mama yangu hapana." Kabula akasema kitu nisichokisikia. "Nimesema hapana. Atafukizwa." Wakamfukiza. Walichemsha mwarobaini, mchaichai na malimao kwenye sufuria kubwa, wakamfunika blanketi, na mvuke ukapanda juu ya ukuta ukaja kulowanisha neti yangu. Silaumu. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza, hata mimi nilijifukiza, na kuna siku alitoka kwenye blanketi akaomba uji. Lakini kila baada ya uji pumzi ilirudi mbaya zaidi, na mimi nililala nikihesabu zile nafasi za ukimya kati ya pumzi moja na nyingine, nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena, hata nilipokuwa najifungua.

Masunga hakuwa mjinga. Alinijia mlangoni akitoka kupulizia dawa ya pamba, bomba bado mgongoni, harufu ya dawa ikimtangulia.

"Dada Yunis," akasema, "kuta zetu ni fupi."

"Fupi kweli, kaka."

"Umesikia nini?"

Akaitazama meza, mahali kishikwambi kilipokuwa.

"Na hiyo simu kubwa inasikia?"

"Haisikii, kaka. Mpaka mtu aandike."

"Basi usiandike."

Hakunitisha. Ningependa kusema alinitisha, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa dawa peke yake. Akasema chumba ni changu mpaka mwisho wa mwezi kama tulivyokubaliana, akaenda zake kuosha bomba.

Mtandao ulipatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule. Nikapanda, nikampigia Daktari Zuhura aliyekuwa Bariadi, nikamwomba atume gari la wagonjwa saa hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yunis, gari letu nitalituma kesho," akasema, "lakini halitaingia kwenye mji wa mtu bila yeye kukubali. Mwenye mji ni yule kijana. Ukimpita, watamficha mama mahali ambapo hata wewe hutamsikia. Nenda ukaongee naye." Nikamwambia tumeshaongea, amekataa. "Umeongeaje?" akauliza. "Tumesimama mlangoni," nikasema. "Mimi ni Mdigo, hayo ya huko siyajui," akasema. "Lakini kwetu pia, jambo zito haliongelewi mlangoni. Vaa barakoa yako, kaa upande unaotoka upepo. Sheria yangu nimeivunja mimi, si wewe."

Mchana wa siku iliyofuata mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ule udongo mweusi wa Nkoma unanata hadi unamvua mtu kiatu. Kabula alikuwa ametenga ugali chini ya kibanda cha kupikia, Masunga amekaa mbele yake bila kula. Nilikwenda moja kwa moja, nikachukua kile kigoda kilichochakaa, nikakaa. Wote wawili wakanitazama. Nikasalimia, salamu nzima, kwa Kisukuma changu kibovu: za asubuhi, za mvua, za ng'ombe, za pamba, za watoto. Masunga akajibu moja moja. Mayu akakohoa ndani, sote tukasikia, na salamu zikaendelea. Kabula akaninawisha mikono. Nikashusha barakoa, nikamega ugali, nikala tonge baada ya tonge, na hakuna aliyesema neno mpaka bakuli lilipoondolewa. Nilitamani kupiga kelele. Kila tonge lilikuwa pumzi yake inayopotea, na bado nilijua nikikatisha hapo nimerudi kuwa mtu wa ushuru.

Masunga akapangusa mikono. "Sasa umekaa," akasema. "Uliza."

"Mayu anaendeleaje?"

"Mama anakufa," akasema, na sauti ikamkatika. Akageuka pembeni kama aliyeingiwa na moshi. Alipogeuka tena akasema atakubali mama aende hospitali kwa sharti moja, nimwahidi kwamba akifia kule atarudishwa nyumbani azikwe na watoto wake, uso wake waone. Nilitaka sana kuahidi. Maneno yalishafika mdomoni. Nikasema, "Kaka, hilo siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba kule kuna hewa ya mtungi, na hapa hakuna." Kabula alikuwa analia bila sauti. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba, ikipumzika kila neno: "Mnanijadili... kama ng'ombe... wa mahari? Leteni kigoda. Nitakwenda... nimekaa."

Gari la utafiti lilikuwa barabara kuu, maana njia ya kuingia ilikuwa tope tupu. Masunga akafunga maksai kwenye mkokoteni. Mayu akakalishwa juu ya kigoda chake, khanga mpya begani, Kabula nyuma yake akimshika mgongo, mimi pembeni nikitembea. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Tukadhani kazi ngumu imekwisha.

Tulikuwa tumeisahau Ipililo. Kwenye shamba la kwanza mwanamke mmoja aliacha jembe, akaja mpaka njiani, akapiga goti kidogo, akasalimia kwa heshima. "Mwadila, mayu! Umerudi!" Masunga akasimamisha maksai, kwa mazoea tu, maana kumpitisha mama yako mbele ya mtu bila salamu ni tusi. "Mwadila," Mayu akasema. "Mhola?" "Mhola." "Ipililo mhola?" "Mhola." "Dada yako?" Akavuta hewa, mabega yakapanda mpaka masikioni. "Mhola." Tukaenda. Nyumba ya pili walitoka watu watatu. Msafiri husalimiwa zaidi ya mtu aliyekaa nyumbani, na msafiri mzee husalimiwa na kila mmoja peke yake. Kila jibu lilimla. Nikawa namwona anavyokusanya pumzi kwa ajili ya neno moja, analitoa, kisha anabaki mdomo wazi akitafuta nyingine, na asingeacha hata salamu moja ianguke chini.

"Kaka, wapite!" nikasema.

"Nitawaambia nini?" akasema Masunga, ameuma meno.

Kwenye njia panda alikuwa amesimama katekista, mzee wa heshima, ameshavua kofia. Akaanza salamu yake taratibu. Mayu akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kabula akapiga ukelele. Na Masunga, ambaye siku zote zile alikuwa anaongea chini chini ndani ya nyumba yake mwenyewe, akasimama juu ya mkokoteni akapaza sauti mpaka mashambani: "Mama hakwenda Ipililo! Yuko ndani siku zote hizi! Hawezi kupumua! Nawaomba, msimsalimie!"

Sijawahi kusikia mtu akiomba kitu kama hicho pale, kabla wala baadaye. Majembe yalisimama. Katekista alibaki na kofia mkononi, anaigeuza. Kisha akasema, polepole, "Na mke wangu hayuko Mkula." Nyuma yake mwanamke mmoja akajishika mdomo. "Baba pia," akasema. "Baba hayuko Maswa." Nikasikia na mwingine, na mwingine, na wale wasafiri wetu wote, waliokuwa ndani ya kishikwambi cha Elikana wakiwa wazima na wako mbali, nikawaona walivyolala nyuma ya milango iliyofungwa, kila nyumba ikidhani iko peke yake. Tukamsubiri katekista amlete mkewe amembeba mgongoni. Habari ikatutangulia, sijui kwa miguu ya nani, maana kuanzia pale mpaka barabarani watu walitoka wakasimama kando ya njia, mikono kifuani, na hakuna aliyefungua mdomo. Mayu aliwatazama mmoja mmoja tulivyokuwa tunapita. Alikuwa anapumua.

Mke wa katekista hakurudi. Mayu alirudi. Alikaa hospitali mjini Bariadi akipewa hewa, na Masunga alikaa nje chini ya dirisha mpaka mama yake alipotolewa, na Mayu aliposhuka kwenye gari, amekonda kama fito na kigoda kwapani, jambo la kwanza aliloniuliza ni nani aliyeacha pamba yake iliwe na wadudu. Sisi tulirudia nyumba zote. Daktari Zuhura alinunua vigoda, tukavipanga uwanjani mbali mbali, upepo ukipita katikati. Simu kubwa ikakaa ndani ya mkoba mpaka mwenyeji mwenyewe aseme haya, uliza. Majibu ya mwanzo Daktari hakuyafuta. Aliyaandika kama yalivyokuwa, na pembeni akaeleza tuliulizaje. Tangu mwaka ule nimefanya tafiti nyingine, katika mikoa mingine, na vijana ninaowafundisha wananiona mama wa mikogo kwa sababu nawakataza kutoa karatasi kabla hawajamaliza salamu. Wakiniuliza kwa nini, siwaelezi yote. Ni hadithi inayohitaji mtu awe amekaa.

Kesho yake baada ya simu ya Kabula, nilifika Nkoma kabla ya mazishi. Uwanja ulikuwa umejaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai, wameketi karibu karibu, bega kwa bega, kama alivyotaka Masunga kwa mama yake. Jeneza lilikuwa ndani, limefunguliwa sehemu ya uso, na watu wakiingia na kutoka. Sikuwa nimelia, si nyumbani, si njiani. Masunga akanijia, amekuwa mzee ghafla, mvi mpaka kwenye ndevu. Akanisalimia salamu nzima, nami nikajibu moja moja, watoto, kazi, mvua.

"Mhola?" akauliza mwisho.

"Mhola duhu," nikasema.

Kabula akakiweka kile kigoda nyuma yangu. Nikakaa, ndipo nikalia.